Dubai hadi Guangzhou: kilomita ngapi, saa ngapi, na kwa nini tiketi ya kurudi inaonekana fupi

Swali la msomaji: "Nina duka la nguo na viatu Kariakoo. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, nikipitia Dubai ambako nitalala siku mbili. Mtandaoni nimeona umbali ni kilomita 5,830 na muda wa kuruka ni saa 6 na dakika 50. Lakini tiketi yangu inasema naondoka Dubai 10:30 na kufika Guangzhou 21:45, yaani saa kumi na moja na robo. Kurudi naondoka Guangzhou 00:15 tarehe 21 na kufika Dubai 04:50 siku hiyo hiyo, kama saa nne na nusu tu. Nishike lipi? Na ndege ya Dar, ambayo nimeikatia tiketi yake mbali, inaondoka Dubai 08:00 asubuhi hiyo. Nitaiwahi?"

Dada yangu, hakuna namba ya uongo hapo. Kila moja inapima kitu chake. Kwenda utakaa ndani ya ndege saa saba na robo, na kurudi utakaa saa nane na dakika 35. Ndege ya Dar ya saa mbili asubuhi, kwa jinsi ulivyokata tiketi, usiitegemee. Nitafika huko, lakini kwanza tuiweke sawa hesabu ya saa, kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu ndege.

Saa zilizochapwa kwenye tiketi ni saa za mji husika. Saa ya kuondoka ni ya mji unaotoka, saa ya kufika ni ya mji unaokwenda. Dubai iko saa 4 mbele ya saa ya dunia (UTC), China iko saa 8 mbele, na Tanzania saa 3. Hakuna hata moja kati ya nchi hizi inayosogeza saa mbele au nyuma kwa majira ya mwaka, kwa hiyo tofauti hizo ni zile zile Januari na Julai. Halafu China, pamoja na upana wake wote, inatumia saa moja nchi nzima.

Ukitaka muda halisi wa safari yoyote, rudisha saa zote mbili kwenye saa ya dunia kisha utoe. Kwenda: 10:30 ya Dubai toa 4 ni 06:30, 21:45 ya Guangzhou toa 8 ni 13:45. Kutoka 06:30 hadi 13:45 ni saa 7 na dakika 15. Kurudi: 00:15 ya Guangzhou toa 8 inaangukia 16:15 ya tarehe 20, 04:50 ya Dubai toa 4 ni 00:50 ya tarehe 21. Hapo katikati ni saa 8 na dakika 35. Kwa hiyo safari uliyoiona fupi ndiyo ndefu.

Sasa angalia hiyo tarehe 21 kwa makini. Saa 00:15 ni saa sita na robo usiku, dakika kumi na tano tu baada ya tarehe kubadilika. Usiku huo kwetu ni usiku wa kuamkia tarehe 21, maana yake hotelini unatoka jioni ya tarehe 20, na kaunta ya uwanja wa ndege unatakiwa uwe umeifikia kama saa tatu usiku wa tarehe 20. Anayesoma "tarehe 21" akapanga kununua mzigo wa mwisho mchana wa tarehe 21 atakuwa amechelewa kwa karibu siku nzima. Na usipotokea, shirika la ndege kwa kawaida linafuta na vipande vingine vyote vilivyobaki kwenye tiketi hiyo. Andika kwenye simu yako, kwa Kiswahili cha kawaida: "Tarehe 20, saa kumi na mbili jioni, natoka hotelini." Usiandike 00:15.

Kuna na lile la saa zetu za Kiswahili. 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi, na 21:45 ni saa nne kasorobo usiku. Ukimtumia ndugu au wakala ujumbe wa sauti kwamba "nafika saa nne kasorobo" bila kutaja usiku, utamchanganya bure. Mtu anayekupokea mtumie picha ya tiketi.

Turudi kwenye kilomita. Hizo 5,830 ni mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili, Dubai International (DXB) na Guangzhou Baiyun (CAN). Kwa kipimo cha marubani ni kama maili 3,150 za majini. Watu wengi wakiutazama mstari huo kwenye ramani bapa wanadhani ungenyooka moja kwa moja mashariki, maana miji yote miwili iko karibu usawa mmoja: Dubai nyuzi 25 kaskazini, Guangzhou nyuzi 23 na kidogo. Kumbe njia fupi inapinda kwenda kaskazini. Inapita Sindh nchini Pakistan, kaskazini kidogo ya Jaipur na Lucknow, na katikati yake kamili iko karibu na mpaka wa Nepal na India, nyuzi 27 na kidogo. Kisha inateremka kupitia Assam, kaskazini ya Myanmar na jimbo la Yunnan, kabla ya kuingia Guangdong. Kwa jozi hii ya miji faida ya kupinda ni ndogo, kama kilomita 50 tu kulinganisha na kushika uelekeo mmoja mwanzo hadi mwisho.

Ndege haifuati mstari huo barabara. Inapita kwenye njia za anga zilizopangwa, inaingia China kwenye pointi maalumu zilizokubaliwa na waongozaji wa ndege, na haipendi kukaa juu ya Himalaya na nyanda za Tibet. Sababu ni ya usalama: hewa ikivuja ndani ya ndege, rubani analazimika kushuka haraka hadi karibu mita 3,000 ili abiria waweze kupumua bila barakoa, na kule milima yenyewe iko juu ya kimo hicho. Kwa hiyo safari za Dubai kwenda kusini mwa China kwa kawaida zinakaa kusini ya milima, juu ya India, Bangladesh na Myanmar, na umbali unaorukwa kweli unafika kilomita 6,000 au kuzidi kidogo. Ukiona skrini ya kiti chako inaonyesha zaidi ya 5,830, usishangae.

Siasa nazo zinaongeza kilomita. Pakistan ilifunga anga lake kuanzia Februari 2019, na haikulifungua kikamilifu hadi tarehe 16 Julai mwaka huo. Juni 2025 anga la Iran lilifungwa wakati wa vita na Israel, na siku hizo safari nyingi za Ghuba zilichelewa au kuahirishwa. Kwa njia yako ya Guangzhou, kuikwepa Pakistan kwa kupita juu ya Bahari ya Arabuni na Mumbai kunafikisha kama kilomita 6,130, yaani nyongeza ya dakika ishirini hivi. Dakika hizo si tatizo. Tatizo ni Dubai yenyewe kusimamisha ndege kwa saa kadhaa, kwa sababu hapo foleni ya ndege zote inasogea nyuma.

Na ile saa 6 na dakika 50 ya mtandaoni? Hiyo ni hesabu ya mashine: kilomita 5,830 gawanya kwa mwendo wa wastani wa 850 kwa saa. Haijui upepo, haijui muda wa ndege kutambaa kutoka getini hadi njia ya kurukia, wala haijui unaelekea mashariki au magharibi. Ndiyo maana inakupa jibu moja kwa kwenda na kurudi. Itumie kulinganisha miji. Kupangia safari haifai.

Upepo ndio unaotenganisha kwenda na kurudi. Kwenye kimo cha mita 10,000 hadi 12,000 kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi mkondo huo unakaa karibu kabisa juu ya njia hii, kaskazini mwa India na kusini mwa China. Ndege kubwa za masafa marefu zinakwenda kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Upepo wa kilomita 100 ukisukuma nyuma, juu ya ardhi mwendo unakuwa 1,000, na kilomita 6,000 zinaisha kwa saa sita. Upepo huo huo ukiwa wa mbisho, mwendo unabaki 800 na safari inakula saa saba na nusu. Hiyo ni saa nzima na nusu kwa ndege ile ile, njia ile ile. Ongeza kama dakika arobaini za kutambaa ardhini, kupanda na kushuka, na akiba ambayo mashirika huiweka ili yasionekane yamechelewa, utakuta ratiba yako ya 7:15 na 8:35 imekaa mahali pake.

Kuanzia Desemba hadi Machi tofauti hiyo huwa kubwa zaidi. Majira ya masika ya India, Juni hadi Septemba, mkondo huo unahamia kaskazini ya Tibet na kurudi kunakuwa kwepesi kidogo. Wewe unasafiri Oktoba, wakati mkondo unaanza kurejea kusini, kwa hiyo tarajia upepo wa kati. Kwenda unaweza kufika dakika ishirini au thelathini kabla ya muda uliochapwa. Jambo jema, lakini usimwambie dereva wa kukupokea aje mapema, maana kutoka getini hadi nje ndiko muda unakokwenda.

Guangzhou, 21:45 ni saa ya ndege kusimama, si ya wewe kushika begi. Hesabu hivi: kutoka ndani ya ndege dakika 15 hadi 20, maana ndege za njia hii ni kubwa. Uhamiaji wanachukua alama za vidole na kukagua kadi ya kuingilia. Kadi hiyo sasa inajazwa mtandaoni kabla ya safari, na ni bora uijaze Dubai ukiwa na intaneti nzuri. Foleni yenyewe inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa nzima ndege tatu zikitua pamoja. Kisha mabegi, kisha forodha. Uwanja wa Baiyun uko kaskazini ya jiji, karibu kilomita 28 kutoka katikati, na hadi Xiaobei au Sanyuanli, kunakofikia wafanyabiashara wengi wa Afrika, teksi inachukua kama dakika arobaini usiku. Hotelini utakuwa baada ya saa sita usiku. Metro, laini namba 3, inaingia mpaka uwanjani na ni rahisi mno, ila haikeshi. Kwa ndege ya saa nne kasorobo usiku ipange kama bahati na teksi iwe mpango wenyewe. Panga foleni ya teksi rasmi, usimfuate anayekuita mlangoni.

Anwani ya hoteli iwe kwa herufi za Kichina, imehifadhiwa kama picha kwenye simu. Ramani za Google hazifunguki China kwa intaneti ya kawaida, na madereva wengi hawasomi herufi zetu. Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia huko China, iunganishe na kadi yako ya benki kabla hujaondoka Dar, ukiwa bado unapokea ujumbe wa uthibitisho kwenye laini yako.

Jambo lingine linaloendana na saa: mgeni anatakiwa aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike anakolala. Hoteli inakufanyia yenyewe ukitoa pasipoti. Ukifikia kwa ndugu au kwenye chumba cha kupanga, ni juu yako kwenda kituo cha polisi cha eneo hilo pamoja na mwenye nyumba.

Ulale usiku huo, na mikutano ya asubuhi ya kwanza iache. Saa tatu asubuhi Guangzhou ni saa kumi alfajiri Dar. Siku zako mbili za Dubai zinasaidia kidogo tu, kwa sababu Dubai imeitangulia Tanzania kwa saa moja, na nne zote zilizobaki unazipata kwenye ndege ya Guangzhou. Kuelekea mashariki ndiko mwili unakosumbuka zaidi. Kwa kawaida unahitaji karibu siku moja kwa kila saa ya tofauti. Kazi ya kuchagua rangi na kupima ubora iweke mchana, ukiwa umechangamka. Kama unatumia dawa za kila saa 12, hesabu saa zilizopita kweli tangu kidonge cha mwisho, usifuate saa ya ukutani ya mji mpya. Anayechoma insulini aongee na daktari wake kabla ya safari.

Nimeona tarehe zako, na siwezi kuzipita kimya. Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, yana awamu tatu kila msimu. Kwa msimu wa Oktoba, tarehe 15 hadi 19 ni umeme na mashine, 23 hadi 27 ni vyombo vya nyumbani, mapambo, samani na vifaa vya ujenzi, na nguo pamoja na viatu vipo awamu ya tatu, tarehe 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Ukiondoka tarehe 21 hutaiona bidhaa yako humo ndani, na utakuwa umelipia hoteli kwa bei ya msimu wa maonyesho. Kama shabaha yako ni masoko ya jumla, kama Baima kwa nguo na mtaa wa Zhanxi kwa viatu, karibu na stesheni ya zamani ya treni, basi yapo mwaka mzima, na mwanzoni mwa Oktoba jihadhari tu na sikukuu ya taifa ya China, inayoanza tarehe 1, wakati viwanda na maduka mengi yanafungwa kwa wiki hivi. Kama ni maonyesho, sogeza safari yote mbele kabla hujalipia kingine.

Sasa Dubai asubuhi ya tarehe 21. Unatua 04:50, ndege ya Dar 08:00. Saa tatu na dakika kumi. Zingekuwa tiketi moja, ningekwambia hata saa mbili zinatosha: begi linabandikwa karatasi ya DAR pale pale Guangzhou, wewe unapita ukaguzi wa transiti na kwenda geti lingine, na ndege ya kwanza ikichelewa shirika linawajibika kukupandisha ndege inayofuata. Tiketi mbili tofauti ni habari nyingine kabisa. Begi litaishia Dubai. Ili ulichukue lazima upite uhamiaji, yaani lazima uwe na viza ya Umoja wa Falme za Kiarabu, na ile uliyoingilia mara ya kwanza, kama ni ya kuingia mara moja, itakuwa imeshatumika. Kisha usubiri begi, utoke nje, pengine uhamie jengo lingine. Dubai International ina majengo matatu ya abiria: Emirates wanatumia la 3, flydubai kwa sehemu kubwa la 2, na mashirika mengi ya nchi nyingine la 1. Jengo la 2 liko upande wa pili wa uwanja, unakwenda kwa basi au teksi kuuzunguka. Na kaunta ya ndege ya Dar inafungwa kati ya saa moja na saa moja na nusu kabla ya kuondoka, tuseme 06:30 kwa usalama. Kwa hiyo zile saa tatu na dakika kumi, kwa kweli, ni saa moja na dakika arobaini, na humo ndani kuna foleni ya uhamiaji wa alfajiri, saa ambazo ndege nyingi za usiku kutoka Asia zinatua pamoja.

Ndege ya Guangzhou ikiondoka dakika 40 tu nyuma ya ratiba, hesabu imevunjika, na aliyekuuzia tiketi ya Dar hana deni na wewe. Guangzhou nayo haikosi sababu za kuchelewa: anga lake limejaa, na msimu wa vimbunga vya baharini haujaisha kabisa mwezi wa kumi.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Leo mpigie aliyekukatia tiketi ya Guangzhou, uulize kama kipande cha Dubai hadi Dar kinaweza kuongezwa kwenye tiketi hiyo hiyo, na bei ya nyongeza uilinganishe na gharama ya kupoteza tiketi nzima ya Dar na kununua nyingine siku hiyo hiyo kaunta. Ikishindikana, badilisha ndege ya Dar iwe ya kuondoka Dubai saa tano asubuhi au baadaye, upate angalau saa sita katikati. Vyovyote iwavyo, kama tiketi zitabaki mbili, omba mapema viza ya Dubai ya kuingia zaidi ya mara moja, au ile ya transiti ya saa 48 au 96, inayoombwa kupitia mashirika ya ndege ya huko kabla ya safari. Pale Guangzhou, usiku wa tarehe 20, kabla hujaondoka kaunta soma herufi tatu kwenye karatasi ya begi. Zikiwa DXB, begi unalichukua mwenyewe Dubai. Zikiwa DAR, tembea na mkoba wako tu.